Intaneti moja kwa majengo matatu: mambo ambayo wamama wanapaswa kujua kabla fundi hajapanda juu ya manjanja



Katika vikundi vyetu vingi kuna neno linalorudi kila mwisho wa mwezi: mega zimekwisha. Ofisi ya kikundi inanunua forfe yake, shule ya jirani inanunua yake, na kituo cha afya kinanunua yake. Majengo hayo matatu yanatazamana, pengine hata metre mia nne hazifiki kati yao, lakini kila moja linalipa peke yake na kulalamika peke yake. Halafu siku moja anakuja fundi na kusema: "Changeni makuta, nitawawekea antena juu ya nyumba, na nyote mtatumia intaneti moja." Hapo wengine wanafurahi, wengine wanaogopa, na wengi wetu tunanyamaza kwa sababu tumezoea kusikia kwamba mambo ya antena ni ya wanaume.

Lakini makuta yatatoka kwenye kese yetu. Nyumba ni yetu, na watoto wanaocheza chini ya mlingoti ni wetu. Anayelipa bila kuelewa, ndiye anayelipa mara mbili. Kwa hiyo wiki hii tutazame jambo hili hatua kwa hatua: antena hizo ni kitu gani, wapi zimekwisha kufanya kazi, namna gani zinawekwa vizuri, na maswali gani tumuulize fundi kabla hatujafungua kese.

Antena hiyo ni kitu gani?

Wamama wenye umri wanaikumbuka foni za misioni na za hospitali: waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili, sanduku juu ya meza, bateri ya gari chini, na mtu anayeita na kungoja jibu kutoka mbali. Sauti ilikwenda bila waya kutoka kituo hadi kituo. Antena tunazozisema leo ni ndugu wa foni hiyo. Tofauti ni kwamba hazitumi sauti peke yake, zinatuma kila kitu ambacho kompyuta inaweza kukiandika: barua, picha, ripoti, masomo, mazungumzo ya video. Tena hazitawanyi mawimbi yake kila upande kama redio. Zinayakusanya na kuyaelekeza upande mmoja, kama mtu anayeweka mikono miwili mdomoni ili kumwita jirani wa ng'ambo ya mto.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1971, chuo kikuu cha Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, kilianza kuunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa mawimbi ya redio, kwa sababu visiwa vilitenganishwa na maji. Sisi hatutenganishwi na bahari. Tunatenganishwa na barabara zenye mashimo, na waya za simu ambazo hazikufika kwenye milango yetu. Dawa ni ileile.

Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo. Antena kati ya majengo haizai intaneti. Ni kama bomba la maji. Bomba halizai maji, linayaleta tu kutoka kwenye chemchemi. Lazima jengo moja liwe na abonema ya kweli, iwe ya kampuni ya simu au ya satelaiti, na antena zigawe abonema hiyo kwa majengo mengine. Kama chemchemi ina maji kidogo, hata bomba zuri halitaongeza tone. Fundi akiwaambia kwamba mkiisha kununua antena hamtalipa tena intaneti, mrudisheni kwao kwa heshima.

Walipotutangulia

Tusifikiri ni mambo ya Ulaya tu. Tuanze na jirani zetu wa Uganda. Katika vita ya kaskazini ya nchi hiyo, watu zaidi ya milioni moja na nusu waliishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Mwaka 2007, jimbo kuu la Katoliki la Gulu lilianza kazi inayoitwa BOSCO. Waliweka antena zinazotazamana kutoka mji wa Gulu hadi kambi, kama ile ya Pabbo, pamoja na kompyuta zinazotumia umeme kidogo wa jua. Watu wa kambi moja waliweza kuongea na watu wa kambi nyingine, na kuandika wao wenyewe habari za maisha yao badala ya kungoja mgeni aje kuwaandikia. Sisi tunaoiona Kigonze kila siku tunaelewa maana ya jambo hilo. Na vita ilipotulia na watu kurudi vijijini, kazi haikufa. Iliwafuata huko.

Katika nchi yetu wenyewe, kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, kilipata mtandao wa jamii unaoitwa Pamoja Net mwaka 2016. Intaneti ilivushwa juu ya maji kwa antena, kisha ikagawanywa kisiwani. Wazo lao la makuta ni la kujifunza: wenye kazi na ofisi walilipa, na malipo yao yalisaidia wananchi wa kawaida kupata mahali pa kutumia bure.

Huko Nairobi, katika mtaa wa Kibera, vijana wa taasisi ya Tunapanda waliunganisha shule na vituo vya jamii kwa antena kutoka paa hadi paa. Mtandao wao, TunapandaNET, haukuwekwa na fundi aliyetoka nje na kuondoka. Vijana wa mtaa walifundishwa kuuweka na kuutengeneza, ndiyo sababu kitu kikiharibika kuna mtu wa karibu wa kupanda.

Nakupa mfano mmoja wa mbali zaidi kwa sababu unawahusu wamama. Huko India, hospitali ya macho ya Aravind, katika jimbo la Tamil Nadu, iliunganisha vituo vyake vidogo vya vijijini na hospitali kwa antena za namna hii. Mgonjwa anabaki katika kituo cha karibu na kwake. Muuguzi anampima, kisha daktari aliye mjini anamwona na kuongea naye kupitia video. Asiyehitaji kusafiri hasafiri. Fikiria muuguzi wa kituo chetu cha afya ambaye usiku ana mama mwenye uchungu mgumu, na anataka daktari aone karatasi ya uzazi mara moja, si kesho.

Lazima antena zionane

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Sheria ya kwanza: antena mbili lazima zionane kwa macho. Panda juu ya jengo la kwanza, au mtume kijana mwenye miguu imara, na atazame jengo la pili. Kama haoni paa lake, antena pia haitaliona. Ukuta wa matofali unazuia, manjanja inazuia kabisa, na majani ya miti yaliyolowa mvua yanazuia kuliko tunavyofikiri.

Lakini kuonana tu hakutoshi. Mawimbi hayaendi kama uzi mwembamba. Yanaenda kwa umbo la muhogo: mwembamba kwenye ncha mbili, mnene katikati. Kwa antena za siku hizi, ambazo nyingi hutumia masafa ya gigahezi 5, na majengo yaliyoachana kilometre 1, muhogo huo katikati ya njia una karibu metre 3 na nusu kutoka moyoni hadi ganda. Kwa metre 400, ni metre 2 na kidogo. Kazi itakuwa nzuri kama sehemu kubwa ya muhogo huo haiguswi na kitu chochote. Kwa hiyo kilele cha mti kilicho katikati ya njia, hata kama kiko chini kidogo ya mstari wa macho, kinaweza kuharibu kazi.

Hapa Bunia adui mkubwa ni mikalitusi na miembe. Mkalitusi katika udongo mzuri unaweza kuongezeka metre 2 au zaidi kwa mwaka. Antena iliyofanya kazi vizuri wakati wa kuzinduliwa inaweza kuanza kukatika baada ya misimu miwili, na watu wakasema "mashine imeharibika" au hata "wametuloga", kumbe ni mti wa jirani umekua. Kabla ya kuweka mlingoti, ulizeni: mti huu ni wa nani? Nani amepanda miche katika kiwanja kile? Nani anataka kujenga etaje hapo katikati? Mama anayewajua majirani anajua majibu hayo kuliko fundi.

Mlingoti na waya

Antena yenyewe ni nyepesi, mara nyingi haifiki kilo moja au mbili. Kizito ni upepo. Upepo unaokuja mbele ya mvua, ule unaoondoa manjanja, ndio unaopima kazi ya fundi. Kwa hiyo tazameni mambo haya.

Mlingoti usifungwe kwenye manjanja peke yake. Ufungwe kwenye ukuta imara kwa vyuma viwili vilivyoachana, au usimame ardhini katika zege. Ukiwa mrefu, uvutwe na kamba za chuma tatu, zilizogawanywa sawasawa kuuzunguka. Kamba mbili hazitoshi, na mtoto anayejua kigoda cha miguu mitatu anaelewa sababu. Bomba la chuma ni bora kuliko mti. Mti unaweza kuonekana wa bei ndogo, lakini mchwa wa kwetu hawaulizi bei.

Kila tundu linalotobolewa kwenye paa ni mlango wa maji. Kama fundi anaweza kupitisha waya chini ya ukingo wa paa bila kutoboa, ni vizuri zaidi. Na kabla waya haujaingia ndani ya ukuta, uachwe ushuke kidogo chini ya tundu halafu upande tena kuingia. Hivyo maji ya mvua yatadondoka kwenye kile kipinde cha chini, hayatafuata waya hadi kwenye vyombo. Ni jambo dogo lisilogharimu hata franka moja, na mafundi wenye haraka hulisahau.

Waya uwe wa kutumika nje, wenye ganda gumu lisilopasuka kwa jua, na ndani yake iwe shaba tupu, si aluminiamu iliyopakwa shaba. Waya huo huo mmoja hubeba mazungumzo na pia umeme wa kulisha antena, na urefu wake usipite metre 100. Waya wa ndani ya nyumba ukiwekwa nje, jua la kwetu litaupasua, na mtalipa mara ya pili.

Kuelekeza antena ni kazi ya watu wawili, mmoja kila upande, wakiongea kwa simu. Wanaigeuza polepole, kidogo kushoto, kidogo kulia, juu, chini, wakitazama kwenye kompyuta namba ya nguvu ya mawimbi. Namba hiyo ina alama ya kutoa mbele yake, na hapa hesabu ya darasa la msingi inatusaidia: kutoa 55 ni nzuri kuliko kutoa 80, kwa sababu iko karibu zaidi na sifuri. Mwambieni fundi aandike namba hiyo katika daftari la kikundi siku ya kumaliza kazi. Ikibadilika baada ya miezi, mtajua kwamba upepo umeigeuza antena, au mti umekua, na mtakuwa na ushahidi mkononi.

Radi

Hapa naomba tusome polepole. Milima ya mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote. Wataalamu wanaohesabu radi kwa satelaiti waliwahi kukiweka kijiji cha Kifuka mbele ya mahali pengi pa dunia nzima. Hatuhitaji satelaiti kutuambia. Tunaijua radi shambani, sokoni na shuleni.

Bomba la chuma lililosimama juu ya nyumba haliiti radi kutoka mbali, lakini likiwa kitu kirefu kuliko vyote hapo, linaweza kuwa njia yake. Kwa hiyo mlingoti lazima uwe na waya mnene wa shaba unaoshuka moja kwa moja hadi ardhini, bila kupindapinda, na kufungwa kwenye fimbo ya chuma au ya shaba iliyozamishwa kwenye udongo wenye unyevu. Udongo mkavu wa changarawe hautoshi. Waya huo upite nje ya nyumba, mbali na mlango na mbali na mahali watoto wanapokaa. Pia kuna kifaa kidogo kinachowekwa kwenye waya wa antena kabla haujaingia ndani, ili kupunguza mshtuko kwa vyombo. Fundi asiyekitaja, mkumbusheni.

Hata hivyo hakuna kinga kamili. Mawingu yakikusanyika, mtu wa zamu achomoe waya kutoka kwenye vyombo, na asingoje radi ya kwanza. Na mtu yeyote asipande juu ya paa wakati huo, hata kama mkutano wa video na watu wa Kinshasa umekatika katikati.

Anayepanda lazima awe na mkanda uliofungwa kwenye kitu imara, na mtu wa kushika ngazi chini. Asipande karibu na waya za umeme: bomba la metre 4 likiegemea waya huo, kifo hakichelewi. Wasipande watoto wetu wa shule kwa sababu ni wepesi. Wepesi si mafunzo. Kama fundi anataka "kijana mmoja tu wa kumsaidia", kijana huyo awe mtu mzima, na awe na mkanda kama yeye.

Umeme wa kuilisha

Umeme wetu mnaujua. Habari njema ni kwamba antena hizi zinakula kidogo. Tuchukue mfano: antena na ruta ya ndani pamoja zinatumia kama wati 15. Bateri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600. Lakini bateri ya risasi isitumiwe hadi chini kabisa, tuchukue nusu, yaani 300. Gawanya kwa 15: masaa 20. Usiku mzima unapita na bado inabaki. Mchana pano ya jua inaijaza tena. Kwa siku nzima vyombo hivyo vinahitaji wati-saa 360, kwa hiyo pano ya wati 100 hadi 150 inafaa, na katika msimu wa mvua ile kubwa ndiyo itakayowaokoa.

Lakini bateri ikiisha kuwepo, kila mtu anataka kuchaji simu yake, halafu taa, halafu televisheni ya mechi. Ndivyo bateri inavyokufa kabla ya wakati wake. Amueni tangu siku ya kwanza: bateri ya antena ni ya antena.

Je, mionzi yake inadhuru mimba?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini, basi tulijibu kwa sauti kubwa. Mawimbi ya antena hizi ni ya jamii moja na ya redio na ya simu mnayoiweka sikioni. Si mionzi ya mashine ya kupiga picha ya mifupa. Nguvu inayotoka kwa kawaida haifiki wati moja, na inaelekezwa kwenye paa la jirani, si kwenye kitanda cha mtu. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliandika mwaka 2006 kwamba halikuona ushahidi wa kisayansi wa kusadikisha kwamba mawimbi dhaifu ya minara ya simu na ya mitandao isiyo na waya yanaleta madhara kwa afya. Kwa hiyo mama mwenye mimba asikimbie nyumba yake. Hatari tunazozijua kwa hakika ni zile tulizozitaja: kuanguka, radi na waya za umeme.

Ruhusa na majirani

Mtu akionekana juu ya paa akielekeza kitu upande wa mbali, katika mji mwingine watu wangepita tu. Hapa kwetu, tangu utawala wa kijeshi ulipoanza tarehe 6 Mei 2021 katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, na hata kabla yake kwa miaka yote ya vita, macho ya watu yana wasiwasi, na wana haki. Neno "wanapeleleza" linaenda haraka kuliko intaneti. Kwa hiyo kabla ya kazi, mwendeni chefu wa avenyu na chefu wa kartye. Mwonyesheni karatasi yenye majengo yanayounganishwa, jina la fundi na siku ya kazi. Waambieni pia majirani wa lupango za karibu.

Kuna pia sheria ya nchi. Mambo ya mawimbi yanasimamiwa na ARPTC, na sheria ya mawasiliano tuliyo nayo ni ya tarehe 25 Novemba 2020. Kutumia antena kati ya majengo yenu wenyewe si jambo moja na kuuzia mtaa mzima intaneti. Anayeuza anaingia katika kazi ya kampuni, na masharti yake ni mengine. Tena kampuni inayowauzia abonema inaweza kukataza kuigawa. Ulizeni kwa maandishi, na jibu likae katika faili. Wote tunakumbuka kodi ya RAM iliyokata unite zetu hadi ilipoondolewa mwaka 2022: mambo ya simu ambayo hatukuelezwa mapema yalitugharimu.

Makuta, funguo na siri

Antena mbili za kawaida za aina hii, kila moja ikiwa chini ya dolari 100 katika soko la dunia kabla ya usafiri na forodha, si ndizo zinazomaliza makuta. Yanayomaliza ni mlingoti, waya, bateri, pano, na zaidi ya yote abonema ya kila mwezi. Tuseme abonema ni dolari 90, na majengo ni matatu: kila moja dolari 30. Ni hesabu nyepesi. Ngumu ni swali linalofuata: mwezi ambao shule haikulipa, tunaikatia? Na kama watoto wetu wenyewe wanasoma hapo? Swali hilo lijibiwe kwenye karatasi, kabla ya antena kupanda, wakati watu bado wanacheka pamoja. Wekeni pia fungu dogo kila mwezi kwa ajili ya bateri, kwa sababu bateri za risasi huchoka baada ya miaka michache. Sisi tunaocheza likelemba tunajua kuweka kidogo kidogo. Hakuna atakayetufundisha hilo.

Halafu, funguo. Vyombo vingi vinatoka kiwandani na neno la siri linalojulikana na mafundi wengi. Lazima libadilishwe siku ileile, na neno jipya liandikwe, litiwe katika bahasha, na likae kwa watu wawili wa komite, mmoja wao mama. Fundi akiondoka na neno la siri kichwani mwake peke yake, mtandao ni wake, hata kama mlilipa ninyi. Tena mawimbi yafungwe kwa siri, asiyehusika asiweze kusoma. Katika ofisi zetu kuna majina ya wajane, ya wasichana waliofika kutafuta msaada baada ya kutendewa ubaya, ya familia zilizokimbia. Jina moja likitoka linaweza kumrudisha mtu katika hatari aliyoikimbia. Hilo si jambo la ufundi tu, ni amana.

Na ruta inaweza kugawa maji ya bomba: kituo cha afya kipate sehemu yake ambayo mtu mwingine hawezi kuinywa, shule ipate yake, ofisi yake. Bila mgawo huo, kijana mmoja anayevuta filamu atanyamazisha majengo yote matatu. Shuleni, intaneti ifunguliwe kwa saa zinazojulikana, mwalimu akiwa chumbani. Watoto wakijua kwamba mkubwa yupo, wanajifunza. Wakiachwa peke yao, wanajifunza pia, lakini mengine.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kateni sehemu hii muiweke katika daftari la kikundi.

1. Umepanda juu ya majengo yote na kuona kwamba yanaonana? Kuna mti au jengo gani katikati?
2. Mlingoti utafungwa wapi, na kamba zake ni ngapi?
3. Waya wa kushusha radi utapita wapi, na utaishia katika udongo gani?
4. Anayepanda ana mkanda?
5. Bateri itashika masaa mangapi bila jua? Tuonyeshe hesabu.
6. Nani atabaki na neno la siri?
7. Utawafundisha nani wawili kati yetu kuutengeneza mtandao, na kwa siku ngapi?
8. Kikiharibika ndani ya miezi mitatu, nani analipa?

Fundi mzuri atafurahi kuulizwa, kwa sababu maswali hayo yanamtenganisha na wale wanaoharibu jina la kazi yake. Atakayekasirika amekwisha kuwajibu.

Katika swali la saba, napendekeza angalau mmoja wa wale wawili awe binti. Yule anayepiga hesabu ya kese bila kukosea anaweza kusoma namba ya mawimbi, na yule anayejua kufunga mzigo wa mkaa juu ya baiskeli usianguke njia nzima kutoka shambani anaweza kufunga mlingoti. Mleteni katika mkutano wenu unaokuja, akae karibu na fundi, na kalamu iwe mkononi mwake.